Mume Wangu Keshanunua Gari la Umeme Moyoni

Shikamoo Shangazi,

Naandika usiku. Mume wangu amelala, simu iko kifuani, na picha iliyo kwenye kioo cha simu hiyo naijua: ni yeye ameegemea gari la umeme, dole gumba juu. Gari si letu. Ni la yadi. Alipiga picha hiyo Jumamosi tulipokwenda "kuangalia tu", na tangu siku hiyo nyumba yetu haina mazungumzo mengine.

Gari letu limechoka, na tulishakubaliana kuliuza tuchukue jingine. Mimi nilikuwa na wazo langu: gari la petroli, la aina ileile tuliyoizoea, ambalo fundi wetu hulifungua akiwa amefumba macho. Yeye hakuwa na wazo. Sasa analo, tena halina breki.

Pale yadini kijana muuzaji hakutuuliza gari tunalitumia kwa nini. Alimkalisha mume wangu kwenye usukani, tukaingia barabarani, akamwambia akanyage. Shangazi, migongo yetu ilibandikwa kwenye viti! Mume wangu ni mhasibu. Ni mtu anayehesabu vidonge kabla ya kutoka duka la dawa. Alicheka kama mtoto aliyebebwa mabegani. Kuanzia hapo kila namba aliyotajiwa aliimeza bila maji: kilomita 500 kwa chaji moja, kuchaji kutoka asilimia 10 hadi 80 kwa dakika 20, betri ina dhamana ya miaka 8, oili hakuna, kelele hakuna, moshi hakuna.

Nikauliza, je, chaji ikiisha njiani? Kijana akatabasamu. Nikauliza, betri ikifa? Akanijibu, "Mama, hiyo ni hofu ya watu ambao hawajaendesha." Mume wangu hakunitetea. Alikuwa anabonyeza kioo kile kikubwa cha kwenye dashibodi.

Maisha yetu ni haya: tunakaa ghorofa ya tatu, gari linalala kwenye maegesho ya pamoja chini ya jengo. Kwenda kazini na kurudi, pamoja na kuwapitia watoto, ni kama kilomita 40 kwa siku. Mara mbili au tatu kwa mwaka tunakwenda kwa wakwe zangu, kilomita 380 kwenda tu.

Sasa kila jioni ananitumia video. Moja betri inatobolewa kwa msumari na haishiki moto. Nyingine gari linawasha taa za nyumba nzima. Nami namrudishia zangu: gari linateketea, madereva wamejipanga foleni kwenye chaja wakitetemeka kwa baridi. Tunakaa kochi moja tunatumiana video, hakuna anayezungumza.

Niambie, Shangazi: mume wangu amelaghaiwa na matangazo, au mimi ndiye mshamba? Na niseme yote, maana hapa hakuna anayenijua: wifi yangu alinunua gari la umeme mwaka jana, na tangu hapo kwenye vikao vya familia hatupumui. Lakini hilo halihusiani na jambo hili. Nimelitaja tu.

Ni mimi,
Aliyechoka Kutumiwa Video

*

Marahaba mwanangu,

Nitaanzia pale ulipotaka nipapite: kwa wifi. "Halihusiani na jambo hili" ndiyo sentensi iliyonirudisha mwanzo wa barua yako nikaisoma upya.

Gari ni miongoni mwa vitu vichache vya gharama kubwa ambavyo mtu hununua na kuviweka nje, kila apitaye avione. Watengenezaji wanalijua hilo kuliko sisi. Mwaka 2007 gazeti la New York Times liliandika juu ya uchunguzi uliofanywa Marekani kwa wanunuzi wa Toyota Prius, gari la haibridi, yaani lenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja. Asilimia 57 walisema sababu yao kuu ni kwamba gari hilo linatoa ujumbe fulani kuwahusu wao wenyewe. Waliotaja kuokoa mafuta walikuwa asilimia 36. Prius ilikuwa na umbo lake peke yake, unaitambua kutoka mbali. Honda nao walikuwa na Civic ya haibridi, lakini ilifanana na Civic nyingine yoyote, jirani asingejua kama umenunua kitu kipya. Haikupata umaarufu ule.

Kwa hiyo wifi yako anaonekana, mume wako naye angependa kuonekana, na wewe hutaki kuonekana umemwiga wifi. Sikulaumu. Ila ukikataa gari kwa ajili ya mtu mwingine, umemwachia huyo mtu akuchagulie, sawasawa na anayelinunua kwa ajili ya mtu mwingine.

Tuje kwa mhasibu wetu. Unashangaa kwamba mtu wa hesabu alisahau hesabu. Mwaka huohuo wa 2007 watafiti wawili wa California, Turrentine na Kurani, walichapisha mahojiano na familia 57 kuhusu historia ya magari yao. (Hii 57 inanifuata leo, na bado haijaisha.) Hawakuona hata familia moja iliyokuwa imekaa ikapiga hesabu ya mafuta kwa mpangilio kabla ya kununua. Utafiti mwingine wa Marekani, wa 2015, ulipitia mamilioni ya mauzo ya magari ukakuta kwamba siku ya jua na joto magari ya kukunja paa huuzika zaidi, na theluji ikianguka huuzika zaidi yale yanayovuta kwa magurudumu yote manne. Mtu anachukua gari la kukaa nalo miaka kumi kwa kuangalia hali ya hewa ya siku moja. Mume wako aliangalia sekunde nne za kubanwa mgongo kwenye kiti. Huo mkanyago haukuwa bahati mbaya. Mota ya umeme hutoa nguvu yake yote ya kuvuta tangu gurudumu linapoanza kuzunguka, haisubiri injini ipande mizunguko, na kila muuzaji wa magari haya anajua kwamba mteja akishakanyaga, maswali hupungua.

Sasa video. Mwaka 1957 (si nilikwambia?) wanasaikolojia wa Marekani waligundua kwamba mtu aliyetoka kununua gari jipya husoma matangazo ya gari hilohilo alilolinunua kuliko ya yale aliyoyafikiria akayaacha. Anatafuta kuambiwa kwamba hakukosea. Mume wako hajalipa kitu, lakini moyoni ameshalipa, na kila jioni anajisomea risiti. Wewe nawe umeshanunua: umenunua petroli. Zile video za moto ni risiti zako.

Utakasirika kidogo hapa, lakini vumilia: hofu yako nayo ina muuzaji.

Gari la umeme limebadilishiwa mavazi mara nyingi. Mwanzoni mwa karne ya 20 lilinadiwa kwa wanawake: safi, kimya, halihitaji kuzungushwa kwa mtaimbo wa kuwashia injini, kazi iliyoweza kumvunja mtu mkono. Clara, mke wa Henry Ford mwenyewe, aliendesha gari la umeme la Detroit Electric, na mumewe ndiye aliyekuwa akiijaza dunia magari ya petroli. Mwaka 1912 Cadillac wakaja na stata ya umeme, mtaimbo ukaanza kuondoka, na sababu ile ya kuuzia ikaondoka nao. Nissan walipoleta Leaf mwaka 2010, tangazo lao lilimwonyesha dubu wa barafu aliyesafiri kutoka kwao kunakoyeyuka hadi mjini, akamkumbatia mwenye gari. Huruma ya dunia. Tesla walikwenda njia nyingine kabisa: kasi na teknolojia, tena kwa miaka mingi bila kulipia matangazo ya kawaida, kwa sababu wenye magari ndio waliokuwa matangazo. Ford walipoona wateja wao wanaogopa ugeni, mwaka 2019 waliliita gari lao la umeme Mustang, jina ambalo watu walikuwa wanalipenda tangu 1964, na mwaka 2021 wakaleta pikapu la F-150 Lightning na kulisifia kwamba umeme ukikatika litawasha nyumba. Hyundai wakaenda mbali zaidi na Ioniq 5 N, gari lisilo na gia, wakalitia gia za kuigiza na mlio wa kuigiza, kwa ajili ya mtu anayeikumbuka injini. Nikiri kwamba hilo lilinichekesha.

Ukiangalia vizuri, hakuna aliyekuwa anauza betri. Kila mmoja alichungulia kwanza mteja anaogopa nini au anatamani nini.

Na wanaouza petroli wanachungulia dirisha hilohilo. Mwaka 2010 General Motors waliomba kuyasajili kama alama yao ya biashara maneno ya Kiingereza yanayotaja ile hofu ya kuishiwa chaji njiani. Walikuwa wanataka kuuza Chevrolet Volt, gari lenye betri lakini pia injini ya petroli ndani yake, na hofu hiyo ilikuwa ndiyo nadi yake. Halafu kuna haibridi "zinazojichaji zenyewe", kama matangazo ya Lexus, chapa ya Toyota, yalivyokuwa yakisema, mpaka mamlaka ya kulinda walaji ya Norway ilipoyakataza mwaka 2020, kwa kuwa umeme huo chanzo chake ni petroli uliyoijaza mwenyewe. Usidhani basi kwamba anayekutisha hana bidhaa nyuma ya mgongo.

Nimalize za video kabla sijasahau. Ya msumari ni jaribio la kweli, BYD, kampuni ya magari ya China, walilitangaza mwaka 2020 na betri yao ya Blade, ila hakuna atakayekuja kuitoboa betri yenu kwa msumari. Zako za moto: magari ya umeme hushika moto mara chache kuliko ya petroli, lakini yakishika, kuyazima ni kazi ngumu na yanaweza kuwaka tena. Wote wawili mna nusu ya ukweli. Zifuteni, simu zipate nafasi.

Sasa tukamate namba za yule kijana, maana hapo ndipo mume wako atakapokusikiliza.

Kilomita 500. Kwanza muulizeni ni kwa kipimo gani. Kile cha Ulaya, WLTP, hufanyika ndani ya maabara kwenye joto la nyuzi 23, kwa nusu saa hivi, kilomita 23 tu, na wastani wa mwendo ni kama kilomita 46 kwa saa. Kipimo cha Kichina huwa kinatoa namba kubwa zaidi, na cha Marekani ndogo zaidi, kwa gari lilelile. Hakuna aliyedanganya, lakini wewe huendi kwa wakwe kwa mwendo huo. Tuseme betri ni ya kilowati-saa 75, yaani ndicho kiasi cha umeme inachobeba, kama lita kwenye tangi. Gari likila 15 kwa kila kilomita 100, ndiyo hizo 500. Kwenye barabara kuu, kwa kilomita 120 kwa saa, kiyoyozi kinafanya kazi, watoto na mizigo ndani, linaweza kula 21, na hapo unabaki na kama 357. Hutaki kufika sifuri, kwa hiyo ukiacha asilimia 10 ya akiba una kilomita 320. Safari yenu ni 380. Mtasimama mara moja njiani. Na watoto kwa safari hiyo lazima msimame hata mkiwa na petroli, au nasema uongo?

Dakika 20. Hizo zinahitaji chaja yenye nguvu kubwa sana na betri iliyo kwenye joto linalofaa. Kwenye chaja ya kilowati 50, betri hiyohiyo itachukua zaidi ya saa moja kutoka 10 hadi 80. Mwaka 2023 mamlaka ya viwango vya matangazo ya Uingereza ilizuia matangazo ya Hyundai na Toyota kwa sababu yalitaja muda wa kuchaji bila kuweka wazi masharti yake, na chaja za nguvu hiyo hazikuwa nyingi huko. Swali lenu basi ni moja: kwenye barabara yenu ya kwenda kwa wakwe kuna chaja gani, ya kilowati ngapi, na plagi yake inaingia kwenye gari hilo?

Dhamana ya miaka 8. Ni ya kawaida kwa watengenezaji wengi, na mara nyingi imeandikwa miaka 8 au kilomita 160,000, lolote litakalotangulia, na maana yake ni kwamba betri ikishuka chini ya asilimia 70 ya uwezo wake wa awali ndipo wanarekebisha. Haisemi betri itakaa kama mpya. Swali lako la "betri ikifa" lilikuwa halali kabisa, mwanangu. Kwa kawaida haifi kwa siku moja, inapungua polepole, na joto kali linaiharakisha. Ombeni masharti kwenye karatasi, na kama gari limeshatumika, ombeni kipimo cha afya ya betri kabla ya kuangalia rangi.

Oili hakuna, kweli. Na pedi za breki hukaa muda mrefu kwa sababu mota nayo husaidia kupunguza mwendo na kurudisha umeme kwenye betri. Kijana hakuwaambia kwamba gari lenyewe ni zito na linavuta kwa nguvu, kwa hiyo tairi huisha upesi, wala hakugusa bima, wala bei mtakayopata siku ya kuliuza. Na yule fundi wenu wa kufumba macho, nendeni mkamuulize akiwa amefumbua: akiletewa gari hili ataligusa?

Yote hayo lakini ni madogo mbele ya jambo moja ulilolitaja katikati ya barua ukalipita mbio. Gari linalala kwenye maegesho ya pamoja.

Angalia tena matangazo. Karibu kila gari la umeme utaliona limeegeshwa kando ya nyumba yenye ukuta wake, na ukutani kuna chaja, na mwenye nyumba anatoka na kikombe mkononi. Hilo ndilo linalouzwa kimyakimya kuliko mkanyago na kuliko dubu. Mwenye ukuta ule hana habari na kilomita 500 wala dakika 20. Kilomita zenu 40 kwa siku ni kama kilowati-saa 7, ambazo soketi ya kawaida kabisa ya ukutani huzirudisha kwa saa tatu au nne mkiwa mmelala. Hamtakumbuka hata siku ya mwisho mlisimama kuchaji. Asiye na ukuta atachaji kwenye vituo vya umma wiki hadi wiki, kwa kawaida kwa bei ya juu kuliko ya nyumbani, akisubiri zamu yake ndani ya gari, na ile furaha ya Jumamosi itaisha kabla ya dhamana.

Kwa hiyo kabla ya kurudi yadini, nendeni nyinyi wawili kwa msimamizi wa jengo. Muulizeni kama mnaweza kuwekewa soketi au chaja kwenye nafasi yenu, waya utatoka wapi, mita itasoma kwa nani, na majirani wakitaka nao itakuwaje. Akubali kwa maandishi. Akikubali, mimi naona mume wako ana hoja nzuri, maana maisha yenu ya kila siku ni yale hasa gari la umeme linayoyaweza. Akikataa, au akasema "tutaangalia", chukueni petroli yako au haibridi, na mume wako asinune. Jambo hili halitaamuliwa na nani kashinda kwenye kochi.

Akikubali bado msikimbilie kusaini. Kodini gari la umeme, hata la aina nyingine, mwende nalo kwa wakwe na kurudi. Wewe ndiye uendeshe. Yule kijana alikuambia hofu yako ni ya asiyeendesha, basi endesha, uone kama anasema kweli. Mume wako akae pembeni ashughulike na chaja, kwa sababu hiyo ndiyo sehemu ambayo hajaiona kwenye video.

Na mwambie kwamba alipokaa kimya pale yadini ulitahayari. Maswali mawili yenye maana siku ile yaliulizwa na wewe. Mhasibu anapaswa kulijua hilo.

Wifi nimemwacha wa mwisho kwa makusudi. Mpigie simu. Usimsifie wala usimponde, muulize tu gari lake analichajia wapi, na mara ya mwisho lilimkalisha kwenye kituo kwa muda gani. Kisha niandikie alichojibu. Nina hamu ya kujua kuliko hata wewe.

Shangazi yako